Mguu wa Nne wa Tangi

Kila siku baada ya shule, msichana aliyeitwa Wakili alikuwa na kazi mbili: kupaka rangi na kubishana. Rangi aliipaka katika karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, iliyokuwa ubavuni mwa nyumba yao. Kubishana alibishana popote. Alibishana na mama yake kuhusu chumvi ya mboga, na mdogo wake kuhusu nani alianza, na wenzake wa darasa la sita kuhusu jambo lolote lenye pande mbili. Hata lenye upande mmoja alilitafutia wa pili. Jina hilo alipewa na mwalimu mmoja aliyekuwa amechoka naye, likamganda mpaka nyumbani.

Baba yake hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu wa utaratibu. Alikata vyuma kwa msumeno, akavipanga chini, kisha akavishikiza. Kushikiza ni kama afanyavyo mshonaji na pini zake: unaweka nukta ndogo ya moto hapa na nyingine pale, chuma kikae mahali pake kisihame. Kazi hapo bado haijawa kazi. Baadaye ndipo fundi hurudi na kuchomelea mshono mzima kuzunguka kiungo, akagonga magamba yanayobaki juu ya mshono kwa nyundo ndogo, akakagua, na akiridhika akachora alama ya chaki.

Anayepaka rangi alitakiwa kupaka penye chaki tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana, na fundi aliisema kwa maneno manne: bila chaki, hakuna rangi. Kwa hiyo chuma kikishapakwa, kila mtu alijua kimekwisha. Fundi hakuhitaji kumuuliza msaidizi wake, wala msaidizi hakuhitaji kumuuliza fundi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka mingi na hapajawahi kuharibika kitu, na jambo hilo liliwapa wote wawili raha ya kutoongea.

Sasa, muhula ule darasa la sita walikuwa wakisoma riwaya moja ya zamani, ya enzi za babu zao, yenye kurasa zilizolainika kwa kushikwa na mikono mingi. Ilimhusu mjane mmoja mfinyanzi wa vyungu. Ghala la kijiji linachomwa moto, mpita njia mmoja anakamatwa, na kijiji kizima kinataka ahukumiwe. Mjane peke yake ndiye anayejua aliyewasha moto, naye ni kaka yake wa tumbo moja, yule anayemlisha yeye na watoto wake. Riwaya hiyo ilimteka Wakili mzimamzima. Aliisoma akila, akaisoma akitembea, na wiki ile ambayo baba yake alikuwa akitengeneza jukwaa la tangi la maji la shule, aliisoma hata brashi ikiwa mkononi.

Jukwaa lilipelekwa shuleni, likasimamishwa uani, na tangi kubwa likakaa juu yake. Chini, kati ya miguu ile minne ya kijani, yakawekwa mabomba. Walimu walilizunguka wakilisifu. Mwalimu mkuu alisema kwamba wazazi wakikubali, madirisha ya madarasa yote atapewa fundi huyohuyo, na jambo hilo litaamuliwa kwenye mkutano wa wazazi. Siku fundi aliposikia hivyo alikula akitabasamu peke yake, na mkewe akamtania kwamba madirisha yameshamwingia tumboni.

Darasani nako mambo yalikuwa moto. Mwalimu wa Kiswahili, mwanamke mfupi aliyependa kukaa juu ya meza yake kama yuko barazani, alikuwa amewauliza swali moja: wangekuwa wao ni yule mjane, wangesimama mbele ya kijiji na kumtaja ndugu yao? Mikono ikapaa. Wote wangesimama. Wote wangesema. Kwa jinsi walivyojieleza, ungedhani darasa zima limejaa mashujaa na kijiji kile kimekosa bahati tu ya kuwa nao.

Msichana mmoja hakuinua mkono. Wenzake walimwita Kifutio, kwa sababu hakuwahi kuwa na kifutio chake mwenyewe, kila mara aliazima. Mwalimu alipomuuliza, alisema polepole kwamba yeye angenyamaza, kwa sababu yule ni kaka yake. Wakili alimrukia. Alimwambia kwamba huo ni woga, kwamba mpita njia naye ni kaka wa mtu, na kwamba mtu anayejua ukweli akakaa kimya hana tofauti na aliyewasha moto. Darasa likampigia makofi. Kifutio akainamisha kichwa na kuanza kuchora duara kwenye dawati, na Wakili akakaa chini akijisikia mrefu.

Siku moja kabla ya mkutano wa wazazi, wakati wa mapumziko ya asubuhi, Wakili alikwenda kwenye mabomba kumnywesha mdogo wake wa darasa la kwanza. Mdogo huyo aliitwa Kibogoyo, kwa kuwa meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayakuwa na haraka. Kibogoyo akaangusha kikombe, kikombe kikabingirika nyuma ya mguu wa jukwaa, na Wakili akainama kukiokota.

Macho yake yakatua mahali ambapo chuma cha mshazari kinaungana na mguu. Rangi ilikuwa imepasuka, na kwenye ufa palikuwa na mstari mwembamba wa kutu. Mtu mwingine angeona kutu, akasema jukwaa limeanza kuchakaa, akaenda zake. Binti wa fundi aliona kitu ambacho hakikuwepo. Hapakuwa na mshono.

Hakuamini. Akapitisha kidole. Mshono wa baba yake ulikuwa na vimawimbi vidogo vinavyokwaruza ngozi hata chini ya rangi. Aliujua tangu alipokuwa anatambaa. Kidole kilipita juu ya nukta moja, kikazama kwenye mwanya, kikafika kwenye nukta ya pili. Hiyo ya pili ilikuwa imekatika katikati. Akagusa kiungo cha juu yake, nacho kilikuwa hivyohivyo. Akakimbilia mguu mwingine, akakuta mshono mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu, mzima. Wa nne, ule alioanza nao na sasa akarudi kuugusa tena kana kwamba ungekuwa umebadilika, ulikuwa umeshikizwa tu.

Alitazama juu. Tangi lilikuwa limejaa, maana maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mfuniko, na lilikaa pale juu limetulia kana kwamba halina uzito wowote. Chini yake Kibogoyo alikuwa akinywa maji na kujimwagia nusu kifuani.

Ndipo akaikumbuka siku ile. Umeme ulikuwa umekatika mchana. Baba yake alikuwa ametoka kutafuta gari la kubebea jukwaa, na msaidizi alikuwa amekwenda kula. Yeye alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, brashi mkono wa kulia, riwaya mkono wa kushoto, na mjane alikuwa akinusa moshi kwenye shati la kaka yake. Alipaka mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akapaka na wa nne. Hakukumbuka kuiona chaki, wala hakukumbuka kuitafuta.

Yaliyofuata aliweza kuyaona bila kuambiwa. Umeme uliporudi, baba yake aliukuta mguu una rangi akajua msaidizi ameumaliza. Msaidizi naye aliukuta una rangi akajua fundi ameumaliza. Kila mmoja aliifuata sheria ya karakana, na aliyeivunja alikuwa anasoma kitabu.

Kengele ililia. Watoto wakatawanyika, na Wakili akamvuta Kibogoyo kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Alipokuwa akipanda ngazi za darasa lake alijiambia kwamba atamweleza baba jioni. Baba atakuja kimyakimya na mashine yake, atachomelea, na hakuna atakayejua. Jukwaa limesimama wiki zote hizo. Haliwezi kuanguka leo. Kesho ni mkutano. Aliyapanga maneno hayo vizuri, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na hoja nzuri ambayo yeye mwenyewe hakuiamini.

Kipindi kilikuwa cha Kiswahili. Mwalimu akapanda juu ya meza yake na kusema kwamba leo wanasoma sura ile waliyoingoja, ile ambayo mjane anasimama. Mwanafunzi mmoja akasoma kwa sauti. Mjane hakusimama kwa kishindo kama walivyotarajia. Alitoka kwanza nyuma ya nyumba akatapika, akarudi, magoti yakamwisha nguvu, akasema neno moja halafu akasahau la pili. Wanafunzi wengine wakacheka. Mmoja akasema huyu mjane anawaaibisha. Wakili hakucheka.

Mwalimu akaomba mtu wa kumtetea mjane. Vichwa vyote vikageuka kwa Wakili, kwa sababu nani mwingine? Wakili alikuwa anatazama nje ya dirisha. Huko uani, mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa ametoka na watoto wake kuwanawisha mikono kabla ya chakula. Walikuwa wamepanga mstari, wakisukumana na kucheka, na mkia wa mstari ulikuwa umeegemea mguu wa nne. Mmoja alikuwa ameukumbatia na kuuzunguka, kama watoto wanavyopenda kufanya na nguzo.

Wakili akasimama. Mwalimu akatabasamu, akidhani mjane amepata mtetezi.

"Mwalimu, naomba wale watoto waondolewe pale chini ya tangi."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamwambia kwamba wako kwenye riwaya, hawako uani. Wakili hakukaa. Akashika ukingo wa dawati. Aliona sura ya baba yake akila huku akitabasamu, na akajua kwamba akifungua mdomo tabasamu lile litakwisha, na kwamba atakuwa amelikatisha yeye.

"Mguu mmoja haujachomelewa," akasema. "Umeshikizwa tu, na kushikiza kwenyewe kumekatika. Fundi ni baba yangu. Na aliyeupaka rangi kabla haujakwisha ni mimi."

Kicheko kilikatika ghafla. Mwalimu wa Kiswahili alimtazama kwa muda mfupi tu, akateremka mezani, na mwalimu ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akikimbia, akakimbia. Walimwona kupitia dirishani akivuka uwanja ameshika viatu mkononi. Alipokaribia watoto alipunguza mwendo, akavaa viatu, akawaambia kitu kwa upole, na mstari wote ukageuka ukaanza kumfuata kuelekea upande wa pili wa uwanja, kila mtoto ameshika shati la mwenzake. Baadaye ilijulikana kwamba aliwaahidi kuwaonyesha darasa la sita wanavyokaa kimya. Na kweli waliwakuta kimya. Hakuna aliyekuwa amekaa chini, na hakuna aliyejua amtazame Wakili au amwache.

Mwalimu mkuu alikuja akiwa amekunja uso. Alikuwa na wageni kesho yake, na jukwaa lile alilisifia kwa kila mtu. Alimuuliza Wakili kama ana hakika, akamuuliza tena, kisha akaamuru mabomba yote yafunguliwe haraka, kisha mtu yeyote asisogee karibu. Maji yakaanza kutiririka uani, yakazunguka miguu ya miti, yakaingia mtaroni. Ulikuwa uchungu kuyatazama. Mpishi wa shule alisimama mlangoni na sufuria tupu mkononi, akitikisa kichwa.

Fundi alipigiwa simu, akaja na msaidizi wake. Kilichomuumiza Wakili zaidi ni shati. Baba yake alikuwa amevaa shati safi, lile la kutokea, na alikuwa akitabasamu, kwa sababu alidhani ameitiwa habari ya madirisha. Akamsalimu mwalimu mkuu kwa mikono miwili. Mwalimu mkuu akamweleza.

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni pake likiwa limesahauliwa. "Nani amesema?" akauliza.

"Mimi, baba."

"Umesema wapi?"

"Darasani. Mbele ya wote."

Fundi alimtazama binti yake kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. Mshipa ulimtoka shingoni. Wakili alingoja agombezwe, na angefurahi kugombezwa, lakini baba yake aligeuka akaenda kusimama mbali na jukwaa, mikono nyuma, akitazama maji yanavyopungua. Alikaa hivyo mpaka maji ya tangi yakaisha. Hapo akachukua nyundo yake ndogo ya kugongea magamba, akapiga magoti kwenye tope na shati lake safi, akaugonga mshazari mara moja. Hata hakuugonga kwa nguvu. Aliugonga kama mtu anayebisha hodi kwa wagonjwa.

Chuma kilidondoka. Ncha yake ikaangukia kwenye maji, ile nyingine ikabaki imeshikwa na mguu wa jirani. Mguu wa nne ukabaki umesimama peke yake, haukushikamana na kitu, na ulipoguswa kwa kidole uliyumba.

Mwalimu wa darasa la kwanza alifunika mdomo kwa viganja. Mwalimu mkuu aliyekuwa amekunja uso, uso ukamkunjuka wote, akaonekana mzee. Wanafunzi wa darasa la sita, waliokuwa wamejazana madirishani, walimsikia msaidizi akisema kwamba yeye alijua fundi ndiye aliyeumaliza mguu huo. Na fundi, bado kapiga magoti, akajibu kwamba yeye alijua msaidizi ndiye aliyeumaliza. Walitazamana kama watu wanaokutana kwa mara ya kwanza.

Mwalimu mkuu alipopata sauti, alimgeukia Wakili. Akasema kumbe haya yote ni uzembe wa mtoto. Fundi akasimama, tope likichuruzika magotini.

"Hapana, mwalimu. Brashi alishika yeye, lakini jukwaa ni langu. Mimi nilipaswa kukagua kwa mkono, nikakagua kwa macho. Mtoto hakuchukua jukumu langu. Mimi ndiye niliyemwachia."

Kisha akamwita Wakili kando, karibu na mtaro, mahali ambapo wengine hawakuweza kusikia. Alikuwa bado amekasirika. Taya zake zilicheza. Akamuuliza kitu kimoja tu: kwa nini hakuja kumwambia yeye kwanza?

"Nilitaka, baba. Nilishapanga kukwambia jioni. Halafu nikawaona watoto wamefika."

Fundi akageuza macho pale kwenye mabomba, penye nyayo ndogondogo zilizojaa kwenye tope kuuzunguka mguu wa nne. Akamshika binti yake begani, akamwacha, akaenda kuleta mashine.

Mchana ule alichomelea kila kiungo cha mguu ule, na kila kiungo cha miguu mingine akakikwangua rangi na kukipapasa kwa kidole, huku msaidizi akipapasa nyuma yake. Mwalimu mkuu akaita fundi mwingine kutoka mtaa wa pili aje kukagua, na baba yake Wakili ndiye aliyemshikia ngazi. Nyumbani, mama alipoelezwa, alikuwa amesimama akipika. Akakaa chini palepale jikoni, akamvuta Kibogoyo mapajani na kumshika muda mrefu. Kibogoyo hakuelewa. Yeye alitaka kujua tu kikombe chake kilibaki wapi.

Habari iliwahi kufika mkutanoni kabla ya wazazi wenyewe, na njiani ilikuwa imenenepa. Wengine walisikia tangi limeanguka. Wengine walisikia kuna mtoto hospitalini. Kwa hiyo fundi aliposimama kueleza, alikuta ukumbi umeshachemka. Alieleza bila kupamba: chaki, rangi, mguu wa nne, na kwamba hakukagua. Aliposema kwamba aliyegundua na kusema ni binti yake, minong'ono ikapanda. Mtu mmoja wa nyuma akasema kwa kejeli kwamba fundi huyo amezaa shahidi wa upande wa pili. Watu wakacheka, na masikio ya Wakili, aliyekuwa amesimama mlangoni na wenzake, yakawaka moto. Mkono mmoja ukaingia ndani ya mkono wake. Ulikuwa wa Kifutio. Wakili akamnong'oneza kwamba juzi alimwita mwoga bila kujua anachosema. Kifutio akambana vidole tu.

Baba mmoja akapendekeza kwamba madirisha apewe mtu mwingine na mambo yaishe. Wengi wakaitikia. Ndipo akasimama mama mmoja, muuguzi, akiwa bado kwenye sare yake ya kazini. Mwanawe ndiye yule aliyekuwa ameukumbatia mguu wa nne. Alikuwa ndiye mwenye hasira kuliko wote. Alipoingia hakumsalimu fundi, na sasa akamgeukia.

"Sijakusamehe bado, fundi, usije ukadhani nimesimama kukutetea. Usiku sikulala. Lakini nawauliza ninyi. Huyo fundi mwingine mnayemtaka, akikosea, nyumbani kwake yupo mtu wa kumsema? Mimi sijui. Wa huyu najua yupo. Tena najua akisemwa anapiga magoti anatengeneza. Mimi nataka madirisha ya huyu, na nataka yakaguliwe."

Waliokuwa wakicheka wakaanza kutazama mikono yao. Mwalimu mkuu aliuliza nani anakubali, na mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, kwa kusita, mpaka ikatosha. Fundi hakutabasamu. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Wakili alishtuka kuona baba yake akijifuta macho kwa mkono wa shati mbele ya watu wote.

Walirudi nyumbani pamoja, baba akiusukuma mkokoteni wenye mashine iliyobaki shuleni tangu jana na Wakili akiushikilia upande mmoja usiyumbe. Kisha fundi, ambaye siku zote alikuwa wa maneno manne, akaongea.

"Jana nilikukasirikia. Nilikukasirikia kuanzia pale getini mpaka pale kwenye tangi. Nilikuwa nawaza jina langu, mwanangu. Nilisema moyoni, huyu mtoto kaniangushia jina lililonichukua maisha kulijenga. Halafu kile chuma kikadondoka." Akasimamisha mkokoteni. "Jina langu naweza kulichomelea tena. Litakuwa na mshono unaoonekana, lakini litashika. Mtoto wa mtu hachomelewi. Ukiona hatari imetoka mikononi mwako, au mikononi mwangu, au kwa yeyote unayempenda, usianze kutafuta namna ya kuificha mpaka jioni. Sema kwanza. Aibu tutaibeba pamoja baadaye, kama hivi."

Wakili aliitikia kwa kichwa. Alikosa hoja ya kupinga, na safari hii hakuitafuta.

Baba yake akaanza tena kusukuma, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: wiki ile, alipokuwa akisoma riwaya, kitabu kilikuwa mkononi siku moja tu au siku zote?

Wiki ile karakana ilikuwa imetoa mageti na vizuizi vya madirisha, na vyote alivipaka yeye. Angeweza kusema siku moja tu. Hakuna aliyemwona.

"Siku zote, baba."

Fundi akavuta pumzi ndefu. Hakugomba. Alisema tu kwamba kesho si siku ya shule, kwa hiyo wataanza na nyumba iliyo karibu, ile yenye geti la buluu, na wataendelea mpaka wamalize. Yeye atabeba mashine. Kubisha hodi na kueleza ni kazi ya aliyeshika brashi.

Asubuhi yake, baada ya chai, walitoka. Mwenye geti la buluu alikuwa mzee mkali aliyejulikana mtaa mzima kwa kufukuza watu. Wakili akabisha hodi, akageuka kumtazama baba yake. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake na nyundo yake ndogo mkononi, akingoja. Mlango ukafunguliwa, na mzee akauliza wanataka nini asubuhi na mapema hivyo.

"Shikamoo, babu," akasema Wakili. "Tumekuja kulikagua geti lako. Mimi ndiye niliyelipaka rangi, na sikutazama."